Bibi na Mjane wa Kwenye TV

Juzi nilikwenda kwa fundi wa vyombo vya umeme hapa Singida mjini kuchukua pasi yangu, nikamkuta amefungua TV ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mrefu. Alikuwa ameiwasha hivyo hivyo ikiwa wazi. Harufu ikanijia: vumbi lililopata joto, pamoja na kitu kama nywele zilizoungua kwa mbali. Fundi aliniita mara mbili kabla sijamsikia. Harufu ile ilikuwa imenipeleka Iguguno, kwenye sebule ya wazazi wangu, nikiwa nimekaa sakafuni karibu na miguu ya Bibi.

Siku hizi wazazi wenzangu wana mazungumzo yao kuhusu TV. Katika kundi letu la simu wapo waliokwisha kuitoa nyumbani, wanatuma picha za meza tupu na kupongezana. Wengine wanaitetea kwamba bila TV mtoto hatajua dunia inakwendaje. Mimi yangu ipo na itaendelea kuwepo, lakini sababu yangu sijawahi kuiandika kwenye kundi, maana ni ndefu na inamhusu mtu mmoja. Nitaisema hapa.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara kuu, nyuma ya mashine ya Baba ya kukamua alizeti. Kila kitu kwetu kilinukia alizeti. Msimu wa mavuno hata shuka zilinukia mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, na nilipokwenda shuleni wenzangu walijua nimefika kabla hawajaniona. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Yona, ambaye alikuwa hajaanza shule. Wazazi wetu walizungumza nasi Kiswahili tangu utotoni ili tusipate shida darasani. Kinyiramba, lugha ya kwetu, walikiweka kwa ajili yao wenyewe, wakitaka kusema jambo tusilielewe. Changu mimi kilikuwa cha jikoni tu: njoo, leta, funga mlango, kula.

Babu alipofariki, Bibi aliletwa kwetu. Tulikuwa tumekwenda kijijini kwao kwenye msiba, na baada ya arobaini Baba na kaka yake, Baba mkubwa, walikaa na wazee wa ukoo wakaamua kwamba mama yao hawezi kubaki peke yake. Akaja na gunia moja la nguo, jembe lake na kigoda. Mama yangu alimpa chumba chenye dirisha la upande wa barabara, akamtandikia blanketi jipya. Bibi akaketi. Na hakusema neno.

Sisemi alikuwa mkali au mgonjwa. Ukimpa chakula alipokea kwa mikono miwili. Ukimwamkia shikamoo alikuwekea kiganja kichwani. Lakini mdomo wake haukutoa kitu, wiki baada ya wiki. Shangazi, dada yake Baba, alipokuja kumtazama, nilimsikia akimwambia Mama jikoni, "Wifi, huyu amezika sauti yake pamoja na mzee."

Nililichukua neno lile kama lilivyo. Nilikumbuka siku ya mazishi, jinsi wanawake walivyomshika Bibi pale ukingoni mwa kaburi, akiinama sana kuelekea chini huku mdomo wake ukiwa wazi. Nikajua ndipo sauti ilipodondokea. Siku chache baadaye nilimfuata Baba kwenye mashine.

"Baba, kaburi la Babu linaweza kufunguliwa kidogo tu?"

"Kwa nini?"

"Tutoe sauti ya Bibi."

Baba aligeuka akaanza kufuta injini kwa kitambaa. Injini ilikuwa imezimwa na ilikuwa safi.

TV ilikuja mwaka huo huo. Baba aliipata Shelui kwa dereva wa lori, wakabadilishana kwa madumu ya mafuta ya alizeti. Aliifunga kwenye betri ya gari aliyokuwa akiichaji kwa injini ya mashine, akasimamisha antena juu ya mlingoti wa mti uani. Ilikamata kituo kimoja tu, na siku za upepo, ambazo kwetu ni nyingi, mtu alilazimika kutoka nje kuushikilia mlingoti huku ndani wakimpigia kelele: hapo hapo, rudi kidogo, usitikisike! Majirani walijaa. Mama Sifa wa nyumba ya pili alikuja na kiti chake na uteo wa kuchambua choroko, ili mikono isikae bure.

Bibi naye alikuwa akiletwa sebuleni jioni ili asikae peke yake chumbani. Aliwekwa pembeni juu ya kigoda chake, akitazama upande ule wa TV kama mtu anavyotazama mvua. Tulikuwa tumeshamzoea. Nadhani tulikuwa tumeanza hata kumsahau, ingawa ni vigumu kulisema.

Kulikuwa na mchezo wa kuigiza uliokuwa ukirushwa kila wiki baada ya taarifa ya habari. Habari yake ilikuwa ya mjane mmoja wa mjini. Mume amekufa, na shemeji zake wanaitaka nyumba. Jioni moja walionyesha msiba wenyewe. Ndugu wa mume walikuwa wamejipanga na kanga zao nyeusi, na mmoja, wifi mtu, alikuwa akilia kwa kujitupa huku na huku. Mama Sifa alikuwa ameacha kuchambua choroko, anafuta machozi.

Ndipo ikasikika sauti kutoka pembeni, nzito na kavu, kwa Kinyiramba, na hata kwa Kinyiramba changu cha jikoni niliielewa.

"Huyo analia uongo."

Mama aliyekuwa anapita na sufuria alisimama. Baba aligeuza shingo polepole, kana kwamba akigeuka haraka kitu kitaruka. Bibi alikuwa ameinama mbele, kidole kimenyooka kuelekea kwenye kioo.

"Mtazameni macho. Hakuna hata tone." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa karibu na miguu yake. "Anasema nini?"

Sikujua hata pa kuanzia. Nilitafuta maneno niliyokuwa nayo, nikayaunganisha. Nilimwambia kwamba yule mwanamke anasema ndugu yake ameenda na nyumba ni yao. Bibi akaguna. "Nilijua," akasema.

Tangu siku ile kazi yangu ikawa hiyo. Kila mchezo ulipoanza, kigoda cha Bibi kilisogezwa mbele, nami nikakaa karibu na goti lake kumwambia kinachosemwa. Kinyiramba changu hakikutosha. Nilikwama kwenye hakimu, nikakwama kwenye urithi, nikakwama kwenye wivu. Nilipokwama nilionyesha kwa mikono na uso, na Bibi akalitafuta neno, akanipa, akanirudishia mpaka nilitamke sawasawa. Urithi sikuupata kwa urahisi. Alinipa maneno mawili, moja la mali ya ukoo na jingine la kile mtu anachoachiwa na mtu anayempenda, akasisitiza nisiyachanganye. Watu husema TV imeua lugha za nyumbani. Inawezekana, kwingine. Mimi Kinyiramba nilijifunza mbele ya TV, nikitafsiri maneno ya Kiswahili ya watu wa mjini kwa mwanamke ambaye hakuwahi kufika mjini.

Na alizungumza! Aligombana na yule mjane kama binti yake: simama, usimwachie funguo, mbona unamtengea chakula mtu anayekuibia? Mama Sifa alicheka mpaka choroko zikamwagika. Mchezo ukiisha, Bibi aliendelea kidogo na mambo mengine, jinsi ya kutambua uwele uliokomaa, jinsi alivyoposwa. Mimi niliamini kwamba sauti yake ilikuwa imepita chini ya ardhi kwa njia isiyojulikana na kuibukia ndani ya lile boksi. Kila Baba alipoizima niliiangalia ile nukta nyeupe ikisinyaa katikati ya kioo, nikiogopa kwamba ndiyo sauti yenyewe inarudi ndani.

Lakini TV ile ilikuwa na madhara yake pia, na siyafichi. Mbuzi walilala nje mara kadhaa kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amewafungia. Madaftari yangu yalirudi na wekundu mwingi. Yona alikariri matangazo ya sabuni kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Na balaa kubwa kuliko hayo likaja kwa mkono wake, au tuseme kwa mdomo wake.

Baba mkubwa alikuja jioni moja bila taarifa, ametoka safari, miguu ina vumbi mpaka magotini. Alipiga hodi. Mchezo ulikuwa umefika mahakamani. Akapiga hodi tena, akaingia, akasimama katikati ya sebule akingoja watoto wainuke wamwamkie, kama ilivyo kwa mtu yeyote mzima, seuze kwa kaka mkubwa wa baba. Yona, bila kugeuza macho, aliinua mkono mmoja juu.

"Subiri!"

Mama Sifa aliweka uteo wake chini.

"Nimeambiwa nisubiri," Baba mkubwa akasema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele. Akamtazama Baba. "Mdogo wangu, nyumba hii ina baba, au ina hiki kitu?"

Baba aliinuka akaizima. Tuliinuka wote, shikamoo zikatoka kwa pamoja, zimechelewa. Kesho yake asubuhi Baba alichomoa nyaya za betri, akaifunga TV kwa blanketi kuukuu na kuipeleka stoo, katikati ya magunia ya alizeti. Mama alimfuata mpaka mlangoni.

"Baba Yona, mama ameanza kuongea. Unaona mwenyewe. Ngoja kidogo."

"Mtoto wangu amemwambia kaka yangu asubiri."

"Basi mfundishe mtoto. TV haikumzaa."

"Nimeshasema."

Na Baba akishasema, alikuwa amesema. Juu ya meza Mama akaweka kitambaa cha kudarizi na jagi la maji.

Bibi alinyamaza tena. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Alipokea chakula kwa mikono miwili na kurudisha nusu. Mimi nilizunguka stoo kama paka, nikiweka sikio kwenye mlango, maana nilijua sauti yake imo mle, imefungwa blanketi. Nilikuwa na uhakika kwamba safari hii haitatoka.

Ilikuwa siku ileile ya juma na saa ileile ya mchezo alipotoka chumbani mwenyewe, amekishika kigoda. Alikiweka mahali pake pa siku zote, akaketi akilitazama lile jagi la maji. Nilikuwa nachambua mchele.

"Njoo hapa," akaniita. "Yule mjane amefikia wapi?"

Niliuacha mchele. "Bibi, TV haipo."

"Sikukuuliza TV. Nimekuuliza wewe."

Nikakaa karibu na goti lake. Kwa kuwa sikujua, nilitunga. Nilisema hakimu amempa mjane nyumba na shemeji wote wamefungwa jela. Bibi akakataa hapo hapo. Nyumba hairudi hivyo, akasema, lazima kwanza wazee wakae. Nikasema basi wazee walikaa. "Walikaa wapi?" Nikasema mahakamani. Akatikisa kichwa, akaichukua hadithi mikononi mwangu na kuanza kuisimulia yeye.

Alisema wazee walikaa barazani kwake yule mjane, nyumba ambayo mlango wake unatazama jua linapochomoza, na nyuma yake kuna mkwaju alioupanda mwenyewe mwaka alioolewa. Nilimkumbusha kwamba yule mjane anakaa mjini, nyumba ya vigae, na hana mkwaju wala shamba.

"Analo," akasema Bibi. "Hawakulionyesha tu."

Nilikubali. Yeye alikuwa mtu mzima, na mimi niliona kwa macho yangu kwamba TV haikuonyesha kila kitu.

"Shemeji zake wakasemaje?" nikauliza.

"Hawakuwa shemeji. Walikuwa wanawe."

Wakati huo Baba alikuwa ameingia kutoka kwenye mashine, kitambaa cha mafuta bado kiko mkononi. Alikuwa anapita kwenda kunawa. Alisimama mlangoni.

"Walikuwa wabaya?" nikamuuliza Bibi.

"Hapana. Walimpenda. Ndiyo maana hakuweza kuwakasirikia." Bibi aliendelea kulitazama jagi. "Walikaa na wazee, wakazungumza juu yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Chai waliyokunywa aliipika yeye. Walipomaliza wakamwambia atakapoishi. Akakusanya vikombe akaviosha."

"Kwa nini hakusema hataki?"

"Alikuwa anangoja aulizwe. Akangoja, akangoja, mpaka mdomo ukakauka."

Mimi nilimwonea huruma sana yule mjane wa mjini. Nilikuwa bado namwona na kanga yake nyeusi, kwenye nyumba ya vigae. Niliinua macho nimwombe Baba atuletee TV tuone kama ni kweli, nikamkuta ameegemea mwimo wa mlango na uso wake umebadilika kabisa. Sikuelewa. Hadithi ilikuwa nzuri, hata Mama alikuwa amekuja kusikiliza, na wote wawili walikuwa wanalia.

Baba alikuja akachuchumaa mbele ya kigoda. Alizungumza Kinyiramba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakikuwa ukuta kati yangu na wakubwa. Nilielewa kila neno.

"Mama. Huyo mjane anataka nini?"

Bibi hakumtazama mara moja. Alinyoosha kanga magotini.

"Anataka kurudi kwake."

Baba mkubwa aliitwa. Nilitumwa kuleta chai, nikasikia kila kitu kwa kisingizio cha kuongeza sukari. "Mama," alisema, mtu mzima mwenye mvi, amekaa ukingoni mwa kiti kama mwanafunzi, "mbona siku ile hukusema?"

"Leo mmeniuliza," Bibi akamjibu.

Alikuwa amekwisha kupanga yote kichwani. Nyumba ya Shangazi iko umbali wa kuitana na kuitikiana. Mjukuu mmoja wa kike wa Shangazi atalala kwake. Shamba la uwele atalilima la karibu tu, la mbali awape watu wagawane naye mavuno. Mkwaju usikatwe. Wanawe walimsikiliza mpaka mwisho, na aliponyamaza safari hii alikuwa amenyamaza kwa sababu amemaliza.

Siku ya kuondoka gari lilishapakiwa, gunia, jembe, kigoda, kuku wawili wa zawadi kutoka kwa Mama Sifa. Bibi alikuwa bado amesimama uani. Akanyoosha mkono kuelekea stoo.

"Na ile?"

"Mama, ile tumeiacha," Baba akasema.

"Ninyi mmeiacha. Mimi sijaiacha."

"Lakini kule hakuna wa kukutafsiria."

Bibi akavuta pumzi, akatujibu kwa Kiswahili, taratibu, kila neno likiwa limepigwa pasi: "Nitaelewa. Kiswahili nimeshajifunza kwa mtoto."

Kumbe wakati mimi nilikuwa nakusanya maneno yake, naye alikuwa anakusanya yangu. Baba aliingia stoo, akaitoa TV na blanketi lake, akaipakia yeye mwenyewe.

Kwetu TV haikurudi mpaka nilipokuwa nimemaliza sekondari. Silalamiki. Baba alishika neno lake, na jioni zile zilitufaa: mbuzi walilala zizini, madaftari yalipungua wekundu, na Yona akawa kijana anayeamkia watu mpaka wanaona aibu. Ndiyo maana sicheki wanaotuma picha za meza tupu. Kuna siku ambazo kuizima ni kazi ya mzazi, na Baba aliifanya. Ninachowakatalia ni ile imani kwamba ukishaitoa umemaliza. Wiki ile ya kwanza tulikuwa na meza safi na bibi bubu.

Lakini likizo zote tulikwenda kwake. Kijiji cha Bibi kiko juu kuliko Iguguno, picha ilikuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa kwetu. Alikuwa ameiweka TV barazani, na betri ilikuja kwa zamu na gari la Baba. Jioni ua ulijaa. Sheria zilikuwa zake. Hakuna aliyekaa kabla ya kuwaamkia waliomtangulia, hata kama mchezo umeanza, na mwenye kuinua mkono kumwambia mtu asubiri alirudishwa kwao. Aliketi mbele kabisa, akiwatafsiria wazee wenzake wa kike, akiongeza vya kwake pale alipoona wa mjini wamesahau.

Jioni moja nikiwepo, mchezo ulikuwa umefika pabaya. Mwanamke amesimama mlangoni na mzigo, haijulikani anaingia au anatoka. Bibi aliinuka, akaenda mpaka kwenye boksi akalizima. Watu walipiga kelele. Mtu mmoja akadhani betri imekwisha, akaenda kushika nyaya.

"Betri ni nzima," Bibi akasema. Akageuza kigoda chake, akaipa TV mgongo na sisi uso. "Haya. Nani anajua kinachofuata?"

Kulikuwa na mama mmoja jirani, aliyefiwa na mume mavuno yaliyopita, ambaye alikuja kila jioni na kukaa karibu na lango, na ambaye mimi sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Bibi hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, anangoja.

Yule mama akasafisha koo.

"Mimi," akasema. "Mimi najua." Akavuta kiti chake mbele, na watu wakasogea kumpisha.